Paukwa! Nani Ataitika?



Jumamosi moja ya masika umeme ulikatika nyumbani kwangu Tabata, yapata saa moja na nusu jioni. Runinga ikazimika katuni ikiwa imepamba moto. Watoto wanne waliokuwa wamelala kifudifudi mkekani, wawili wangu na wawili wa dada yangu, wakaangua kilio kana kwamba wamepokonywa sahani za wali. Simu zote hazikuwa na chaji. Mvua inapiga bati, giza tororo, mbu wanaimba masikioni. Ndipo mama yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza, akauweka kando ungo wa choroko aliokuwa akichambua, akasogeza kigoda chake hadi ukingoni mwa mkeka, akaita kwa sauti niliyoisikia mara ya mwisho nikiwa na kaptula ya darasa la tatu:

“Paukwa!”

Kimya.

“Paukwa!” akarudia, kwa nguvu zaidi.

Mwanangu wa miaka saba, anayewajua kwa majina wahusika wote wa ile katuni, akanivuta shati gizani. “Baba, bibi anamwita nani?”

Ndugu zangu, bibi alikuwa akimwita yeye. Na mtoto hakujua kuitika.

Nikaitika mimi. “Pakawa!” Mtu mzima, peke yangu, kati ya watoto wanne. Sauti yangu ilinirudia masikioni kama ya mshtakiwa anayekiri kosa. Maana ni nani aliyepewa neno lile bure akiwa mdogo, jioni baada ya jioni, kisha akalifungia kifuani huku watoto wake mwenyewe wakilala na njaa yake? Ni mimi. Kwa hiyo mahubiri haya nayaanza kwa kujihubiria nafsi yangu. Lakini nimetembea katika nyumba nyingi za mji huu, nimeketi kwenye makochi mengi, na najua kwamba umeme ukikatika leo usiku, kimya kile kitakuwa katika nyumba nyingi.

Neno ninalolisimamia ni hili: utamaduni ni wito, na wito usioitikiwa hufia hewani. Mtoto hajafundishwa asili yake mpaka ameitwa nayo, naye akaitika kwa kinywa chake, kwa viganja vyake na kwa miguu yake.

Tazameni wazee wetu walivyoyajenga mambo haya. Hadithi yao haikuanza mpaka msikilizaji ameitika, na msimulizi alipoona waitikaji wameanza kusinzia, aliikata palepale, akawaambia iliyobaki ni ya kesho. Kitendawili nacho ni hivyohivyo. “Kitendawili!” “Tega!” “Nyumba yangu haina mlango.” Watoto wanabahatisha: kaburi? chungu? jiwe? Wakishindwa, mtegaji anadai malipo yake: “Nipe mji!” Wanampa Tanga. Anaupokea, anajigamba jinsi alivyofika Tanga, akakaribishwa, akala akashiba, ndipo anafichua: yai.

Shule iliyomo katika mchezo huo mmoja ni kubwa. Mtoto wa miaka mitano amesikiliza. Amewaza. Amethubutu kukosea mbele ya wenzake. Amelipa alichoshindwa bila kununa. Amelitazama yai la kila siku kwa jicho jipya. Na ametajiwa mji ambao hajawahi kufika, kwa hiyo kesho atauliza Tanga iko wapi. Hayo yote kwa gharama ya dakika mbili na pumzi ya bibi.

Nyimbo zetu nazo zimejengwa hivyohivyo: mmoja anaanzisha, kundi linapokea. Salamu zetu zimejengwa hivyo: shikamoo haijakamilika mpaka marahaba imerudi. Kuanzia mlangoni asubuhi mpaka mkekani usiku, mtoto alifundishwa jambo moja kwa njia mia: unaitwa, upo, tunakusubiri.

Sisemi runinga ni dhambi. Nasema haimsubiri mtoto. Akiitika, akisinzia, akitoka kwenda kunywa maji, yenyewe inaendelea na safari yake. Mtoto aliyelelewa muda mrefu na kitu kisichomsubiri hujifunza kwamba kuwepo kwake hakuna uzito. Bibi husimama katikati ya sentensi mpaka mtoto mmoja aache kumfinya mdogo wake. Bibi humwona.

Ndugu zangu, kilio hiki hakikuanza leo. Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge akiwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere alisema kwamba katika maovu yote ya ukoloni hakuna lililozidi lile la kutufanya tuamini kuwa hatukuwa na utamaduni wetu, au kwamba tuliokuwa nao ni wa kuonea aibu. Aliwakumbusha wasikilizaji wake kwamba wengi wao walikwisha kujua kucheza dansi za kigeni, kisha akawauliza ni wangapi wanaojua kuzicheza, au hata waliowahi kuzisikia, ngoma za gombe sugu, mangala, kiduo na lelemama. Akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana ili swali hilo lipate jibu.

Sasa swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 60. Usimpelekee mwanao kwanza. Lijibu wewe. Katika ngoma hizo nne, unaijua ipi kwa miguu yako?

Jirani yetu wa Kenya, mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025, alisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya kuikomboa akili jinsi utoto wake ulivyokuwa. Jioni walikaa kuuzunguka moto wakisimuliana hadithi za wanyama kwa Kigĩkũyũ, wakubwa kwa wadogo, kila mtu kwa zamu. Kisha ikaja shule ya mkoloni, ambako mwanafunzi aliyekamatwa akisema lugha ya mama yake alichapwa viboko au kuvikwa kibao cha aibu shingoni. Ukisoma habari hiyo unamshukuru Mungu kwamba mambo hayo yamepita. Hayajapita! Mwaka juzi mpwa wangu, mtoto wa darasa la awali, alirudi nyumbani kutoka shule moja ambayo dada yangu anailipia karo kwa jasho lake, akiwa ameshinda kutwa na kipande cha boksi kifuani. Kosa lake? Alimwomba mwenzake kifutio kwa Kiswahili. Mkoloni amekwenda zake, kibao kimebaki, na sasa tunakilipia wenyewe kila muhula.

Na mwisho wa mwaka shule hiyohiyo ilitualika kwenye mahafali. Watoto wakatolewa uwanjani wamefungwa vipande vya kaniki, nyuso zimepakwa chaki nyeupe, mikononi usinga wa nailoni. Muziki ukafunguliwa kutoka kwenye spika. Wakatikisika dakika tano, wazazi wakatuza, simu zikapiga picha, nguo zikarudi kabatini. Jioni nikamuuliza mpwa wangu, “Mlicheza ngoma gani?” Akajibu kwa fahari, “Ngoma ya kitamaduni.” “Ya watu gani?” Akanitazama, akafikiri, akasema tena, “Ya kitamaduni.”

Hakuwa na kosa. Alikuwa amepewa vazi bila jina, hatua bila sababu, ngoma bila mpigaji. Walimu, nawaomba kwa unyenyekevu na kwa uchungu: msimpe mtoto ngoma isiyo na kwao. Kila ngoma ina watu wake, mahali pake, na jambo lililoizaa. Sindimba ni ya Wamakonde. Lizombe ni ya Wangoni. Mdundiko ni wa Wazaramo, na hutembea barabarani ukizoa watu. Mambo hayo si mapambo ya somo. Ndiyo somo lenyewe.

Mkitaka kuona mtoto anavyofundishwa, nendeni Ugogo. Katika ngoma ya muheme wanawake wa Kigogo huibana ngoma katikati ya mapaja, na kuipiga kwa viganja huku mwili wote ukicheza. Wasichana wadogo husimama pembeni, na hakuna anayewafukuza. Kwanza wanapiga makofi. Kisha wanaipata sauti yao. Maana uimbaji wa Kigogo ni wa sauti nyingi kwa wakati mmoja. Huyu anapita juu, huyu chini, huyu katikati, kila mmoja ana njia yake na wote wanafika pamoja. Fikirini kazi anayoifanya kichwani mtoto wa miaka sita anayeshika njia yake bila kuvutwa na ya jirani, na bila kuacha kumsikia jirani. Hiyo ni hesabu. Hiyo ni adabu. Hiyo ni nchi nzima katika wimbo mmoja.

Kutoka katika malezi hayo alitoka mwanamuziki Hukwe Zawose. Ala za kwao, zeze na ilimba, alizibeba kutoka Ugogo hadi Bagamoyo, alikofundisha vijana wa chuo cha sanaa, na kutoka Bagamoyo hadi majukwaa ya Ulaya na Japani. Alipofariki mwaka 2003, ungedhani muziki ule umezikwa naye. Lakini nyumba yake ilikuwa na watoto waliokwisha kuitwa, nao waliitika: mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu yao wenyewe. Ilimba haikurithishwa kwa wosia wa karatasi. Ilirithishwa kwa mtoto kuwepo pale inapopigwa.

Au pandeni hadi Usukumani. Huko kuna bugobogobo, ngoma ya wakulima, ambamo majembe hurushwa juu na kudakwa kwa mdundo. Mtoto anayeitazama hahitaji hotuba ya kumwambia kwamba kulima ni heshima. Ameliona jembe likichezewa kama kitu cha thamani, amesikia umati ukilishangilia, na kesho atakapopewa kijembe chake shambani mkono wake utakuwa na kumbukumbu. Kila Juni, kwenye sikukuu ya Bulabo pale Bujora karibu na Mwanza, Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Ni pande mbili zilizorithiwa kutoka kwa waganga wawili wa kale, na ushindani wao ni kama ule wa Simba na Yanga mjini.

Najua wapo wanaonyanyua mkono kwa nguvu hapa. Wanasema ngoma ni ushenzi, ngoma ni ya shetani, sisi ni watu wa dini. Ndugu zangu waumini, mimi nami ni muumini, na nawajibu kwa upendo. Bujora hiyohiyo ilijengwa na padri, David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Kanisa lake ni la duara kwa mfano wa nyumba ya mtemi, na ngoma za Kisukuma zililia ndani yake. Na kwa upande wa madrasa, nani asiyejua kaswida inavyompandisha mtoto moyo dufu linapolia? Mikono iliyomwumba mtoto iliumba pia viganja vinavyotaka kupiga. Kinachoimbwa ndicho cha kuchunguzwa. Kiganja hakina dhambi.

Na wapo wanaosema mila zetu nyingine ni mbaya. Kweli kabisa! Ukeketaji ni ukatili, na tuuzike bila matanga. Wala sisemi kila kilichochezwa na wazee ni cha mtoto wa chekechea. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, aliipiga ngoma mbele ya dunia nzima, lakini mafunzo ya unyago aliyatoa kwa wasichana waliofikia umri wa mafunzo hayo. Wazee wetu walijua kupanga: hili la mkekani, hili la porini, hili la ndani, hili la wakubwa. Anayechambua choroko hatupi ungo mzima kwa sababu ya vijiwe viwili. Anavitoa vijiwe, anapika.

Kisha kuna udhuru wa mjini, nao ndio ninaousikia zaidi. “Mama yake Mhaya, mimi Mbondei, mtoto amezaliwa Temeke. Nimfundishe lipi?” Mfundishe yote matatu! Nchi hii ina makabila zaidi ya 120 na imejua kuishi nayo kwa utani, yaani kwa kumjua jirani kiasi cha kumtania asikasirike. Mtoto wako ana bibi wawili, basi ana akiba mbili za hadithi. Ana pia ardhi alikozaliwa, na ardhi hiyo ina mdundiko. Hajapungukiwa. Ametajirika kuliko wewe uliyezaliwa na kijiji kimoja. Umaskini utamjia akikosa vyote vitatu kwa sababu ulishindwa kuchagua kimoja.

Basi tufanye nini? Mahubiri yasiyo na kazi ya kesho asubuhi ni kelele.

Wewe mzazi, tenga jioni moja kwa wiki. Jioni moja tu! Zima runinga kabla haijazimwa na umeme. Kaa chini, mkekani, macho yako yalingane na yao. Usisome kwanza, ita. “Paukwa!” au “Hadithi, hadithi!” au kwa namna ya kwenu, maana kila lugha yetu ina mlango wake wa hadithi. Kisha subiri. Wakikosea, wafundishe jibu, ita tena. Huna hadithi? Unayo. Hakuna mtu aliyekulia nchi hii asiyekumbuka hata robo ya kisa cha Sungura na Fisi. Simulia hiyo robo, na iliyobaki mpigie simu mama yako, weka sauti kubwa, watoto waitike kwenye simu. Siku hiyo simu itakuwa imefanya kazi ya maana.

Wewe uliye mbali, Muscat, London au Minnesota, ambako mtoto anaitwa na lugha nyingine kutwa nzima: saa yako moja ni ya thamani zaidi kuliko yetu. Usimhurumie kwa kumnyima. Mpe mlango, ili atakaporudi likizo na bibi akaita, asiulize anaitwa nani.

Mtoto akigonga sufuria kwa mwiko, usikimbilie kusema “Acha kelele!” Sikiliza kwanza. Kama kuna mdundo, chukua kopo na wewe, mpokee. Tia punje za mahindi ndani ya kopo jingine, zibeni, mna manyanga. Mfundishe wewe kupiga moja huku yeye akipiga nyingine, asikufuate wala asikupoteze.

Wewe mwalimu wa darasa la awali, sukuma madawati ukutani, watoto wakae duara, kwa sababu kwenye mistari mtoto huona kisogo cha mwenzake na kwenye duara huona uso. Wape kombolela, rede na mdako kabla hujawapa karatasi ya kupaka rangi. Katika mtaa wa shule yako yupo bibi anayeuza vitumbua asubuhi na kukaa barazani mchana, na kichwani mwake mna maktaba. Mwalike. Mpe kiti, mpe nauli, mpe chai, umwamkie shikamoo mbele ya watoto ili waone mwalimu naye ana mwalimu. Na kama shule yako iko Dar es Salaam, kabla hujakusanya michango ya kwenda kwenye bembea, wapeleke watoto Kijiji cha Makumbusho barabara ya Bagamoyo. Waingie kwenye nyumba za makabila mbalimbali, waguse udongo, waulize moshi ulitokea wapi.

Nanyi mabibi na mababu, msisubiri kualikwa. Mmenyamaza kwa heshima, mkidhani watoto wa siku hizi wana mambo yao. Hawana! Wana mambo ya watu wengine. Iteni, hata kama mara ya kwanza hakuna atakayejibu. Mama yangu aliita mara mbili gizani kabla hajaitikiwa. Kama angekata tamaa baada ya ile ya kwanza, nisingekuwa na la kuandika hapa.

Usiku ule alisimulia mpaka mvua ikakatika. Alisimulia kisa cha Sungura aliyekula njama ya kuiba maji ya kisima, na kila Sungura alipoimba, watoto waliimba. Mara ya kwanza kwa aibu, mara ya tatu kwa kupiga kelele, mara ya nne yule wa miaka saba amesimama juu ya mkeka anacheza. Umeme uliporudi hakuna aliyeinuka kuwasha runinga.

Mama amekwisha kurudi Muheza. Juzi nilirudi kazini nimechoka, nikajitupa kwenye kochi, nikashika simu, kidole kikawa kinapanda na kushuka kama kawaida. Binti yangu mdogo, mwenye miaka mitatu, akaburuta kiti hadi ukutani, akapanda, akazima taa. Chumba kikawa giza, isipokuwa uso wangu uliokuwa ukimulikwa na simu. Akashuka, akaja akasimama mbele yangu, akaita kwa ulimi wake usiojua bado kutamka vizuri:

“Pautwa!”

Kidole changu kilikuwa bado juu ya kioo. Akasubiri kidogo, akaita tena.

Ndugu zangu, safari hii sikuhitaji kuuliza anaitwa nani. Nikaiweka simu chini, nikaitika. Na leo jioni, kwako, nenda ukaite.